UZI: Kuchapa picha za filamu kwa maji ya Kisumu, Kakamega na Nakuru: joto, fiksa, kusuuza na negativu za zamani

Lurambi6x6
Wadau, hamjambo. Kuna masanduku ya negativu za studio moja ya miaka ya sitini hapa Kakamega. Nyingi ni za sentimita 6x6 za filamu ya 120, nyeusi na nyeupe, na chache za milimita 35. Wenyewe wanataka picha za karatasi, za kutundika ukutani na kuweka albamuni, na wanataka wajukuu wazikute zikiwa hai. Enlaja (mashine ya kukuzia picha) ipo, Durst M605, na lenzi mbili, ya milimita 80 na ya 50. Chumba ni bafu lisilo na dirisha. Filamu mpya pia zitasafishwa humo humo. Naomba vipimo kamili, si "weka kiasi".

DungaLab
Karibu. Tuanze na filamu mpya, kwa sababu hapo ndipo joto letu linaponyoosha watu. Vipimo vya viwandani karibu vyote ni vya nyuzi 20. Kisumu mchana, maji ya tangi jeusi lililo juu ya paa yanapita 28 bila kuhangaika, na Kakamega alasiri utapata 23 au 24. Chukua filamu ya HP5 Plus ndani ya developa ya ID-11, dawa inayotokeza picha: bila kuongezwa maji ni dakika 7 na nusu kwa nyuzi 20. Kwa 24 inashuka mpaka kama 5. Ukienda chini ya 5, dawa haijaenea sawasawa na kazi imeshaisha: anga linatoka na mawimbi, na kwenye filamu ya 35 utaona mistari inayoanzia kwenye matundu ya pembeni.

Suluhisho ni kuchanganya dawa nusu kwa nusu na maji. Hapo inakuwa dakika 13 kwa nyuzi 20, na kama 9 kwa 24. Mwaga ikishatumika mara moja, usiirudishe kwenye chupa.

Kupoza: beseni kubwa la maji, chupa za dawa zimesimama ndani, na juu yake unaelesha chupa ya soda ya nusu lita yenye maji yaliyoganda. Barafu ibaki ndani ya chupa yake, usiidondoshe kwenye dawa. Ukifanya kazi saa kumi na mbili asubuhi hata beseni hulihitaji.

Zaidi ya digrii yenyewe, dawa zote zilingane. Developa, siki (ya kuisimamisha developa), fiksa (ya kuifanya picha idumu) na maji ya kusuuza zisitofautiane kwa zaidi ya nyuzi 2 au 3. Filamu ikitoka kwenye fiksa ya 27 ikaingia kwenye maji ya friji, jeleti, yaani tabaka lenye picha, inapasuka vipande vipande kama tope la Nyando likikauka, na hakuna dawa ya kurudisha hapo.

FundiNakuru
Huku kwetu ni kinyume. Nakuru iko juu, zaidi ya mita 1,800, na Julai alfajiri chumba kinashuka mpaka 11 au 12. Developa ina dawa mbili za kutia weusi, metoli na haidrokwinoni, na haidrokwinoni hulala chini ya nyuzi 13 hivi. Inabaki metoli peke yake na picha inatoka kijivu, haina weusi. Trei ya developa ikae juu ya trei nyingine yenye maji ya uvuguvugu.

Kuhusu maji: watu huniuliza kama fluoraidi ya visima vya Nakuru inaharibu picha. Haiharibu. Kinachosumbua ni chumvi zinazobaki maji yakikauka juu ya filamu, zinaacha alama nyeupe za duara. Suuza ya mwisho iwe ya maji ya mvua yaliyochujwa, au maji ya betri yanayouzwa petroli stesheni. Soma lebo: unataka yale yaliyotoneshwa, si asidi ya betri. Chupa hukaa rafu moja!

Maji ya Kisumu yakija na tope baada ya mvua, yaache usiku kucha kwenye jerikeni, mimina ya juu, yapitishe kwenye pamba. Punje moja ya mchanga ikikwaruza jeleti iliyolowa, mkwaruzo huo utauona kwenye kila picha utakayochapa.

Lurambi6x6
Asanteni. Na developa ya karatasi? Kuagiza ya maji kutoka nje, nauli inazidi bei ya dawa.

FundiNakuru
Pima mwenyewe. Hii ni D-72, iliandikwa na Kodak, na mtu yeyote mwenye mizani ya sonara anaiweza:

maji ya nyuzi 50, nusu lita
metoli gramu 3
sodiamu salfaiti kavu gramu 45
haidrokwinoni gramu 12
sodiamu kaboneti kavu gramu 68
potasiamu bromaidi gramu 2
maji baridi mpaka ifike lita 1

Usivuruge mpangilio. Metoli haiyeyuki kwenye salfaiti nyingi, kwa hiyo weka chembe kidogo ya salfaiti kwanza (hii inazuia metoli isigeuke kahawia), kisha metoli, koroga mpaka iishe kabisa, ndipo salfaiti iliyobaki na vingine vifuate. Kutumia: sehemu 1 ya dawa, 2 za maji. Karatasi ya faiba (isiyopakwa plastiki) dakika 2, na usiitoe mapema kwa kuogopa weusi. Picha iliyotolewa kwenye sekunde 40 ina weusi wa matope. Ikiwa nyeusi mno, punguza mwanga wa enlaja.

Beseni za plastiki tu. Karai la mabati na sufuria ya aluminiamu hapana, developa inakula hizo metali na karatasi inapata ukungu wa kijivu.

KibuyeFoto
Kaboneti si ndiyo magadi? Soko zima limejaa magadi ya kupikia mboga.

FundiNakuru
Nusu ni kweli. Magadi mabichi ni trona: kaboneti, baikaboneti na maji vimeshikana, pamoja na chumvi ya kawaida na udongo. Baikaboneti inapunguza makali ya developa. Ukiyachoma kwenye oveni ya nyuzi 200 kwa saa moja, baikaboneti inageuka kaboneti, na gramu 100 za trona safi zinabaki kama 70. Lakini chumvi na udongo haviondoki kwa moto.

Njia safi: sodiamu baikaboneti ya kuokea kutoka supamaketi, si ile poda ya kuumulia keki ambayo ina wanga na asidi. Ioke vivyo hivyo. Gramu 108 zitatoka 68, kiasi kile kile cha D-72. Pima tena baada ya kuoka. Kama uzito haujashuka hivyo, rudisha ovenini. Magadi ya sokoni waachie mboga za mrenda.

KibuyeFoto
Sawa. Ila fiksa msitishe watu. Fiksa hutumika mpaka ichoke, na ikichoka utaiona kwa rangi. Studio zilifanya hivyo miaka na miaka.

MwalimuTrei
Ndugu Kibuye, ndiyo maana picha nyingi za studio hizo leo ni za manjano. Nijibu kwa urefu, kwa sababu swali la Lurambi kuhusu kudumu linajibiwa hapa karibu lote. Karatasi ghali na fremu ya kioo haviokoi picha iliyofiksiwa vibaya.

Fiksa inayeyusha chembe za fedha ambazo hazikupata mwanga. Fiksa mpya inatengeneza mchanganyiko unaoyeyuka majini na kusuuzika. Fedha ikishajaa ndani ya fiksa, mchanganyiko unaotoka ni mwingine, hauyeyuki, na unajibana kwenye nyuzi za karatasi. Hata ukisuuza siku nzima hautoki. Miaka ikipita unavunjika na kuwa salfaidi ya fedha, na sehemu nyeupe za picha zinapata madoa ya manjano na kahawia. Hilo ni kosa la fiksa iliyochoka.

Kosa la pili ni fiksa nzuri isiyosuuzwa. Hapo weupe unaweza kubaki safi, lakini sura yenyewe inafifia, hasa kijivu chepesi. Ukishika picha ya zamani mkononi, angalia kilichoharibika ni weupe au sura, utajua mchapishaji alikosea wapi.

Rangi ya fiksa haikuambii chochote. Harufu pia. Vipimo viwili vinakuambia:

Kwa filamu, kata kipande cha ncha ya filamu mbichi, kitumbukize kwenye fiksa mwangani, hesabu sekunde mpaka kiwe angavu. Fiksa filamu yako mara mbili ya muda huo. Andika muda wa fiksa ikiwa mpya. Ukifika maradufu yake, mwaga.

Kwa fiksa ya karatasi, matone machache ya potasiamu iodaidi ya asilimia 4 au 5 kwenye kijiko cha fiksa. Ikitoka utando mweupe wa manjano usiopotea ukitikisa, fiksa imekufa.

Na kwa hesabu: trei moja peke yake, kazi ya kuhifadhi, ni picha 10 za inchi 8 kwa 10 kwa lita. Basi. Ukitumia trei mbili mfululizo unafika kama 40 kwa lita. Kisha ya kwanza inamwagwa, ya pili inachukua nafasi yake, na mpya inaingia ya pili. Kwa hiyo Kibuye, trei mbili ndizo za kubana matumizi, si fiksa ya rangi ya chai.

Mwenye fiksa ya kawaida (hypo), yaani sodiamu thiosalfeti ya punje: gramu 240 na salfaiti gramu 15 kwa lita, dakika 4 hadi 5 kila trei. Mwenye fiksa ya haraka ya amoniamu, ichanganye 1 kwa 4, sekunde 60 tu kwa karatasi ya faiba, ukitikisa bila kusimama. Muda mfupi unasaidia: dawa haijapata nafasi ya kuzama ndani ya nyuzi, na kusuuza kunakuwa rahisi.

Kabla ya fiksa, siki nyeupe ya asilimia 5, sehemu 1 kwa 3 za maji, nusu dakika.

KibuyeFoto
Mwalimu umenipata hapo kwa trei mbili. Lakini maji? Mfereji kwetu unatoka siku mbili kwa wiki. Kusuuza saa nzima na maji yanayotiririka, nani ana maji hayo?

DungaLab
Huhitaji yanayotiririka. Dawa inatoka kwenye karatasi kwa kujisambaza majini, na maji yakishalingana na karatasi, kusambaa kunasimama. Kubadilisha maji yote kunafanya kazi kuliko kuyaacha yapite juu juu.

Faiba: suuza dakika 5, kisha ingiza kwenye salfaiti ya gramu 20 kwa lita, dakika 10, ukigeuza karatasi moja moja. Halafu beseni la maji safi, dakika 5, mwaga, rudia mara 12. Lita 4 kwa beseni, picha zisizozidi sita, na zisigandane. Jumla hazifiki lita 60. (Siri hii ya chumvi ilionekana wakati wa Vita Vikuu vya Pili, mabaharia walipoona picha zilizosuuzwa kwa maji ya bahari zinatoa fiksa haraka zaidi, mradi zimalizwe na maji baridi yasiyo na chumvi.)

Filamu ni rahisi zaidi. Jaza tangi la kusafishia filamu, pindua mara 5, mwaga. Jaza, pindua 10, mwaga. Jaza, pindua 20, mwaga. Imeisha. Ni njia ya Ilford, na inataka maji ya joto lile lile la fiksa.

Karatasi ya plastiki (iliyopakwa plastiki) sekunde 30 kwenye fiksa, dakika 2 za kusuuza. Usiiloweke robo saa, maji yanaingilia ukingoni na tabaka linaachana.

MwalimuTrei
Na pima kama fiksa imetoka yote, usiamini beseni. Fedha naitreti gramu 7.5, asidi ya siki ya asilimia 28 mililita 125, maji mpaka lita 1, chupa ya kahawia. Tengeneza mililita 100 tu, inatosha muda mrefu. Tone moja kwenye ukingo mweupe wa picha iliyolowa, ngoja dakika 2, futa. Rangi ya maziwa hafifu ni salama. Kahawia, rudi beseni. Vaa glavu, vidole vitakuwa vyeusi wiki nzima.

Kutafuta fedha iliyobaki, tone la sodiamu salfaidi: gramu 2 kwa mililita 100 za maji, kisha uichanganye 1 kwa 9. Doa la manjano maana yake hukufiksi vizuri. Fanya hivi nje ya chumba cha giza. Salfaidi ikigusa asidi inatoa gesi ya mayai mabovu, ambayo ni sumu na inaharibu karatasi mbichi zikiwa ndani ya boksi.

Lurambi6x6
Hii ni darasa. Sasa negativu zenyewe. Baadhi zina madoa kama utando wa buibui, zingine zimegandana, na sanduku moja linanuka siki.

MwalimuTrei
Kuwa makini hapa.

Utando wa buibui ni kuvu. Kuvu inakula jeleti na kuifanya iyeyuke majini. Ukiosha negativu hiyo kwa maji, sura inaondoka na maji. Tumia pamba laini na alkoholi ya aisopropili ya asilimia 99, polepole, upande usio na sura kwanza. Ile ya kusafishia mikono ina maji, usiitumie. Kuvu haikui unyevu ukiwa chini ya asilimia 60, kwa hiyo boksi lifungike vizuri na liwe na jeli ya silika.

Zilizogandana, usivute. Zikaushe wiki kadhaa ndani ya boksi la silika. Baadhi huachia zenyewe. Zisipoachia, ziache hivyo.

Harufu ya siki ni msingi wa asetati (plastiki ya filamu yenyewe) unaooza. Huo mvuke wa asidi unachochea nyingine, kwa hiyo sanduku hilo lihame leo, likae mbali na mengine, mahali penye hewa. Hazirudi nyuma. Anza kuzichapa hizo kabla ya zote, maana baadaye zinasinyaa na kupinda hata enlaja haizishiki. Kuzichelewesha ni baridi tu: kila nyuzi 5 hadi 6 unazopunguza, umri unakaribia maradufu. Friji inafaa, mifuko miwili iliyofungwa, na ukitoa usifungue mpaka kesho yake, la sivyo umande unatua juu ya jeleti.

Ukikuta neno NITRATE ukingoni, simama. Hizo zinawaka. Kodak iliacha kuzitengeneza 1951, kwa hiyo studio ya miaka ya sitini haielekei kuwa nazo, lakini angalia.

Toa pia mipira ya kufungia noti, ina salfa. Na mifuko ya plastiki ya PVC. Bahasha ziwe za karatasi isiyo na asidi, iliyopita kipimo cha ISO 18916, cha kuonyesha kwamba haidhuru picha.

FundiNakuru
Niongeze la enlaja. Kwa 6x6 tumia lenzi ya 80. Ile ya 50 itakata pembe. Punguza tundu la lenzi mpaka f/8. Balbu ya asili ikiungua, usikimbilie LED yoyote ya duka la hadweya. Nyingi zinabaki na mwanga hafifu sekunde nzima baada ya kuzimwa, na hizo sekunde zinaingia kwenye karatasi. Jaribu hivi: zima, angalia gizani. Tena karatasi ya multigredi, ambayo kontrasti yake huchaguliwa kwa filta, inasoma bluu na kijani, na LED nyeupe zinatofautiana kwenye hizo, kwa hiyo filta namba 2 ya jana si namba 2 ya leo. Chapa upya vipande vya majaribio.

Vipande hivyo usiongeze sekunde tano tano. Fanya 8, 11, 16, 22, 32. Kila hatua inatofautiana kwa kiasi kile kile machoni. Kwa tano tano mwisho vipande vinafanana. Kisha kumbuka faiba ikikauka inakuwa nyeusi kwa kama asilimia 8 hadi 10. Picha inayopendeza ikiwa imelowa ni nyeusi mno.

Taa nyekundu: pima kwa sarafu, lakini kwanza ipe karatasi mwanga kidogo wa enlaja mpaka iwe kijivu hafifu. Karatasi nyeupe kabisa inaficha kosa. Sarafu juu, taa dakika 7, safisha. Ukiona duara, sogeza taa.

Na stima ya kupanda na kushuka, nunua stabilaiza. Volti zikishuka, balbu inakuwa nyekundu zaidi na kontrasti inabadilika, hata saa yako ikiwa sahihi.

DungaLab
Fiksa iliyokwisha isimwagwe kwenye mtaro, mitaro yetu yote inaishia ziwani na fedha ni sumu kwa samaki. Iweke kwenye ndoo ya plastiki pamoja na steelwuli ya kuoshea sufuria. Chuma kinayeyuka, fedha inatua chini kama tope jeusi. Baada ya siku chache, lipime tope, kuna masonara wanaolinunua. Kamwe usioshe trei ya fiksa kwa dawa ya kuondolea madoa ya klorini, gesi yake inaua.

KibuyeFoto
Na vijana wanaotaka kujifunza? Karatasi ni ghali, na tangu Kodak iache kutengeneza za nyeusi na nyeupe 2005, tunategemea Ilford na Foma.

FundiNakuru
Wasianze na enlaja. Watengeneze kamera ya tundu: kopo la kakao, tundu la milimita 0.4 kwenye kipande cha kopo la soda, karatasi ya plastiki ndani umbali wa sentimita 10. Karatasi ni kama ISO 6, jua la saa sita linataka sekunde 40 hivi. Wanasafisha, wanapata negativu ya karatasi, wanaigeuza kwa kuibana na karatasi nyingine chini ya kioo. Kwa robo karatasi wamejifunza trei zote. Asiyejua kukoroga metoli kabla ya salfaiti asiguse negativu za watu.

Lurambi6x6
Nimetenga sanduku la siki, nitaanza na kontakti zake (picha za ukubwa wa negativu yenyewe), negativu 12 kwa karatasi ya 8 kwa 10. Dogo la mwisho: majina ya waliomo kwenye picha, niandike nyuma kwa kalamu gani?

MwalimuTrei
Penseli laini, 2B, ukingoni, picha ikiwa imelazwa uso chini juu ya kioo ili isiache alama mbele. Andika kabla hujachapa kama unaweza. Kalamu ya wino inapenya, na ikilowa inasambaa. Kwenye karatasi ya plastiki penseli haishiki, andika kwenye bahasha kabla ya kuingiza picha, na namba ya negativu iwe hiyo hiyo kote.